Ni mnyama gani anayeua kuku wangu usiku, na nimzuieje?

Mama wa Bweyale:
Salamu kwenu, wafugaji wenzangu. Ninaishi Bweyale, wilayani Kiryandongo, Uganda, nami nilikuwa na kuku wa kienyeji 32 katika banda la mabanzi lililoezekwa kwa mabati. Usiku wa kuamkia Jumatano niliuliwa mitetea wanne, na juzi wakafa watatu wengine. Mizoga yote ilikuwa humohumo bandani: shingo zimetobolewa, wawili wameliwa vichwa, na mmoja ameliwa kifua, ilhali mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo. Mume wangu anamshuku mbwa wa jirani, lakini sitaki tugombane na watu kwa jambo tusilolishuhudia. Mtu mwingine amenishauri nitege nyama yenye sumu. Kuku hao ndio ada ya watoto wangu, kwa hiyo naomba msaada wenu.

Mfugaji wa Masindi:
Pole sana, mama. Mwombe mumeo asubiri kwanza, kwa sababu mbwa huvunja au huchimba ndipo aingie, na akishaingia huwakimbiza kuku na kuwararua ovyo, mara nyingi mgongoni na mapajani. Nyoka naye humeza yai au kifaranga kizima, wala hana meno ya kula kifua cha kuku akaacha kilichobaki. Nguchiro wengi hutembea mchana, ingawa yupo mwenye mkia mweupe anayezunguka usiku. Kwa maelezo yako ninamshuku kanu, yule mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pete, ambaye hupanda miti vizuri na hupita popote kichwa chake kinapopita; akiwakuta kuku wamefungiwa, anaweza kuua wengi kuliko anaoweza kula. Tafadhali usiishie kukagua chini. Chukua ngazi, ukague mahali ukuta unapokutana na mabati.

Mama wa Bweyale:
Nimepanda leo asubuhi. Upande wa nyuma kuna mwanya ambao ngumi yangu inaingia, na kwenye kibanzi kimoja zimenasa nywele chache fupi za kijivu na nyeusi. Vumbi la pale juu lina mikwaruzo. Tawi la mwembe limelalia paa.

Mzee wa Bwera:
Basi njia yake umeipata, binti yangu. Kata tawi hilo, kisha uzibe mwanya wote, si upande mmoja tu, kwa wavu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, ukiupigilia kwa misumari yenye vichwa vipana. Wavu mwepesi wa kuku usiutegemee, kwa kuwa nyegere huurarua na panya huupenya. Chini, zungushia banda wavu huohuo, uufukie na kuulaza kuelekea nje kiasi cha sentimita 30, ili anayechimba akutane nao. Kuku waingie kabla jua halijazama, maana mlango ukifungwa gizani unaweza kumfungia adui ndani.

Kuhusu sumu ninakusihi kwa moyo wote uikatae. Huku kwetu Kasese, mwaka 2018, simba 11 walikufa kwa sumu katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, wengi wao wakiwa watoto. Nyama yenye sumu haichagui: mbwa wa jirani ataila, ndege wala mizoga wataila, na mtoto anaweza kuiokota. Zaidi ya hayo, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 inawalinda wanyama wa porini, kwa hiyo mnyama akizidi kukusumbua, wapelekee taarifa maofisa wa Mamlaka ya Wanyamapori.

Mama wa Bweyale:
Asante, mzee, na asante, ndugu wa Masindi. Leo ni usiku wa kumi na mbili tangu tufunge wavu. Asubuhi ya tatu tulikuta alama mpya za makucha kwenye ubao uliopo juu ya wavu, na manyoya mawili ya kuku yamenasa kwa ndani, pale walipojibanza kwa hofu. Nimewahesabu mara mbili: wote 25 wapo.