Naomba ushauri: kukagua kwa mkono makundi ya spaiki katika Phy

Mwuliza
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninasoma shahada ya uzamili katika maabara inayorekodi hipokampasi (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) ya panya kwa elektrodi za Neuropixels. Programu ya Kilosort imekwisha kuzigawa spaiki (mapigo mafupi ya umeme ya seli za neva) katika makundi, kila kundi likidhaniwa kuwa seli moja ya neva, na sasa natakiwa kuyakagua kwa programu huria ya Phy. Nitajuaje kwamba makundi mawili ni ya seli moja na yanafaa kuunganishwa? Aidha, faili ghafi zipo kwenye seva: saa moja ya chaneli 384, kwa sampuli 30,000 kila sekunde, hufikia takribani GB 83, na diski yangu haizimudu.

Tausi_N
Umbo la wimbi pekee lisikushawishi. Seli ikishafyatua spaiki haiwezi kufyatua nyingine kabla ya takribani milisekunde 1 hadi 2, kwa hiyo makundi yakiwa ya seli moja, korelogramu baina yao (mchoro wa tofauti za muda kati ya spaiki za kundi moja na za jingine) itakuwa na pengo katikati. Pengo likikosekana, yaache mbalimbali hata yakifanana kama mapacha. Kisha tazama kimo cha spaiki kadiri muda unavyokwenda, kwani ubongo ukisogea kidogo kwenye elektrodi, kundi moja hufifia pale jingine linapoanza. Katika hali hiyo korelogramu huwa karibu tupu na pengo lake halithibitishi kitu, hivyo utategemea umbo la wimbi na mahali lilipo kwenye elektrodi.

Mzee wa Data
Naongeza jambo linalohusu hipokampasi. Seli zake za piramidi hufyatua spaiki kadhaa kwa mfululizo wa haraka, na kila inayofuata huwa ndogo zaidi, kwa hiyo seli moja huweza kugawanywa makundi mawili. Ukiona katika korelogramu pengo katikati na kilele cha milisekunde chache upande mmoja tu, usikimbilie kusema kwamba seli mbili zinawasiliana.

Kuhusu seva, iunganishe diski yake kwa mtandao wa maabara na urekebishe njia ya faili ndani ya params.py (faili ya mipangilio ambayo Phy huisoma), kwani Phy husoma vipande inavyovihitaji tu. Kuiendesha kwenye seva na kuitazama kwa mbali kunachosha, kwa kuwa michoro yake hutegemea OpenGL, yaani mfumo wa kuchora kwa kadi ya michoro. Ningeanza pia na SpikeInterface, maktaba huria ya Python ya kuchakata spaiki, ili ikokotoe vipimo vya ubora, kisha nikague kwa macho makundi yenye mashaka tu.

Tausi_N
Hapo sikubaliani nawe kikamilifu, Mzee. Seli zinazofyatua kwa nadra huanguka katika vipimo hivyo ilhali ni halali; Mwuliza ayapitie makundi yote angalau katika rekodi za mwanzo.

Mwuliza
Nashukuru sana. Nikiunganisha kimakosa na kuhifadhi, je, mgawanyo wa awali utapotea?

Mzee wa Data
Hautapotea. Phy hubadilisha spike_clusters.npy (faili yenye namba ya kundi la kila spaiki), lakini spike_templates.npy hubaki na mgawanyo wa Kilosort. Hata hivyo, nakili folda nzima ya matokeo kabla ya kuanza. Bila faili ghafi ni ndogo.