"Underground", "tube", "subway" na "metro": lipi litumike wapi?

mfasiri_mpya: Wakuu, kamusi inayapa maneno haya yote tafsiri moja: "treni ya chini ya ardhi". Kwenye mwongozo wa wasafiri, nitumie hiyo kote?

kalamu_ya_pwani: Hapana mkuu, kila mji na jina lake. London ni "Underground", na mitaani wanasema "the Tube". New York na Toronto ni "subway". Paris, Montréal na Washington ni "metro".
Linaloponza watu ni "subway". Ukiwa London, ukifuata kibao cha "Subway" utashuka ngazi, utapita chini ya barabara na kuibukia ng'ambo bila kuona treni. Ni kivuko cha waenda kwa miguu! Mmarekani hukiita "underpass".

Nahau: Glasgow, mji wa Uskoti ulio katika Ufalme wa Muungano kama London, itoe hapo. Treni yake ya mwaka 1896 ilianza kama "Subway", mwaka 1936 ikabatizwa "Underground", na mwaka 2003 ikarudishiwa jina la kwanza. Kwa hiyo tazama mji, usitazame nchi.

fundi_reli: Nyongeza kuhusu "tube". Njia ya kwanza ya London, ya mwaka 1863 kutoka Paddington hadi Farringdon, ilijengwa kwa kuchimba mtaro mpana, kujenga kuta na paa, kisha kufukia. Treni zilikuwa za mvuke, ndiyo maana zilihitaji sehemu zilizo wazi za kutolea moshi. Mwaka 1890 ikaja njia ya umeme iliyotobolewa chini zaidi, handaki la mviringo kama bomba. Hilo ndilo lililozaa "tube". Hadi leo treni za njia za Northern na Piccadilly ni fupi kwa kimo na mabega yake yamepinda kufuata handaki. Za District na Metropolitan ni kubwa zaidi. Abiria huziita zote "Tube" na haina shida, ila katika maandishi ya uhandisi zitenganishe.

mfasiri_mpya: Kwa hiyo "treni ya chini ya ardhi" niiache kabisa?

kalamu_ya_pwani: Iache pale inapopotosha. Zaidi ya nusu ya reli za London Underground ziko juu ya ardhi. Dubai Metro, iliyofunguliwa mwaka 2009, sehemu kubwa inapita juu ya nguzo. Ukimwandikia msomaji "chini ya ardhi", atatafuta ngazi za kushuka na kituo kiko juu ya kichwa chake. Andika "metro ya Dubai", na mara ya kwanza ongeza "treni ya mjini".

Nahau: Na ukikuta "Underground Railroad" katika historia ya Marekani, usitie treni humo. Ulikuwa mtandao wa siri wa kuwatorosha watumwa kutoka kusini hadi majimbo huru na Kanada. Harriet Tubman alikuwa mmoja wa waongozaji wake. "Underground" hapo ni "kwa siri". Hata "station" haikuwa kituo cha reli, ilikuwa nyumba ya kujificha.