Waliotoa boila ya zamani ya mafuta wakaweka ya kondensingi, tupeane uzoefu

Salaam wakuu. Niko kijijini Ireland Kaskazini, gesi ya bomba haijafika huku, nyumba zinapashwa joto kwa mafuta: boila inachemsha maji, yanazunguka kwenye radieta, vile vyuma vya ukutani, halafu yanarudi. Mafuta yenyewe ni haya haya mafuta ya taa tuliyosomea na kibatari kwa bibi. Boila niliyoikuta kwenye hii nyumba ni ya 1994, ikiwaka alfajiri vikombe vinagongana kabatini na bomba la moshi kule nje huligusi, linachoma. Waifu anasema lile joto linaloenda hewani ndo zamu zangu za usiku. Lita 500 za Januari hazikufika wiki ya sita. Fundi mmoja anasema badilisha noseli tu, kile kitundu kinachopuliza mafuta, itadunda, mwingine anasema toa, weka ya kondensingi, ile inayonyonya joto la moshi kabla halijatoka nje. Mliopitia hili nipeni yaliyowakuta.

mama_pacha: Kaka, hapa England tangu 2007 ukifunga mpya karibu lazima iwe kondensingi kwa hiyo sikuwa na la kuchagua. Angalia sana ile paipu ya plastiki ya kutoa maji yanayotokana na moshi. Yangu fundi aliipitisha ukutani kwa nje, nyembamba, usiku wa barafu ikaganda, maji yakakosa pa kutokea, boila ikajizima na nina pacha wa miezi minne ndani. Nilitoka saa tisa usiku na birika la maji vuguvugu namwagia kidogo kidogo huku natetemeka mpaka ikaachia. Mwambie apitishe ndani, ikishindikana iwe nene na aivishe sponji.

mzee_pangani: Mimi Ujerumani, nilibadilisha 2017. Mkuu, elewa kitu kimoja kabla hujatoa hela. Moshi una mvuke wa maji, boila mpya inaupoza ule mvuke unageuka maji na joto lake linarudi nyumbani. Ila kwa mafuta hilo linatokea kama maji yanayorudi toka kwenye radieta yako chini ya nyuzi 47 hivi. Mimi fundi aliniachia maji yanatoka kwenye boila na nyuzi 75, yanarudi 60, mwaka mzima nimelipia kondensingi natumia boila ya kawaida. Nilijuaje? Ndoo niliyoweka chini ya paipu ya maji ilikuwa kavu, ina vumbi! Nikashusha hadi 55, nikabadilisha radieta mbili za sebuleni nikaweka kubwa, ndoo ikaanza kujaa. Na hayo maji ni asidi, yanakula saruji, kwa hiyo usiyamwage hovyo, na chimni ya matofali inabidi ivishwe paipu ndani, hiyo nayo ni gharama fundi wangu hakuisema mapema.

dada_bukavu: Mie niko Ubelgiji, upande wa Flanders. Huku tangu 2022 kama gesi inapita barabarani kwako huruhusiwi kufunga boila mpya ya mafuta, mie nilijua nikiwa nimeshatoa advansi. Ulizia sheria ya kwako kwanza ndugu.

wa_Kericho: Mimi bado nina ile mzee. Nilianza na dari, nikajaza pamba ya kuzuia joto lisitoke, sentimita 30, nikaziba nyufa za milango, mafuta yakapungua hadi nikashangaa. Saa hii fundi anasema ile saizi ya boila niliyokuwa nataka kununua ingekuwa kubwa bure. Anza na dari bro.

Mleta mada: Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimefunga kithermometa kwenye paipu ya kurudi, asubuhi imesoma 61. Nimeshusha boila, sasa ni 50, chumba cha watoto kimebaki nyuzi 19 ila sebule inasinzia, joto halitoshi.

mzee_pangani: Vizuri, lakini usiikalishe hapo hiyo ya zamani, jaribu siku mbili urudishe. Ile haikuumbwa kwa maji baridi, moshi utatoa jasho ndani na chuma kitaoza. Hiyo sebule ndo inayotaka radieta kubwa.

Mleta mada: Sawa mzee, Jumapili narudisha. Kesho napanda darini na tochi nikaone kuna pamba kiasi gani.