Mrejesho: Yule jamaa aliyenikana deni la mil 3.2

Wakuu habari zenu, nimerudi. Niliuliza hapa kama naweza kumshtaki mtu niliyemkopesha hela bila kuandikishana, mkaniambia niende Mahakama ya Mwanzo na kwamba madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, langu lilikuwa na miaka minne tu. Basi nikaenda, wakili sikuweka, nikapeleka meseji zake za kuomba nimuongezee muda, na shemeji yangu aliyekuwepo siku namkabidhi hela akaja kutoa ushahidi, hapo ndo jamaa akakwama maana alikuwa anakana kabisa kwamba namdai. Nimeshinda! Ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya ila tayari kalipa laki 8. Aisee asanteni sana, nilikuwa silali.