Seli za laptopu kuukuu: tatu au nne kwa ruta ya volti 12?

Waya_Mwekundu
Wakuu habari. Nimepasua betri za laptopu nikatoa seli za 18650 (zile za lithiamu za mviringo). Nyingi zinasoma volti 3.4 hadi 3.7, ila mbili zinasoma 1.4. Nataka niunde betri ya kuendesha ruta umeme ukikatika. Nipange tatu au nne kwa mfululizo? Na hizo mbili nikizichaji taratibu hazifufuki? BMS (saketi ya kulinda betri) ninayo. Mashine ya kuchomelea vibati vya nikeli sina, ningelehemu tu kwa risasi.

Fundi Nyaya
Hizo mbili achana nazo, zipeleke panapokusanywa betri chakavu. Seli ikikaa chini ya volti 2, shaba iliyo upande wa hasi huanza kuyeyuka. Ukiichaji, shaba hiyo inajijenga pasipo mahali pake na inaweza kugusanisha hasi na chanya humo humo ndani. Na chaji itaingia vizuri tu, ndicho kinachowaponza watu.

Nne zikijaa ni 16.8, ruta ya 12 unaweza kuiunguza. Tatu zikijaa ni 12.6, lakini zinashuka hadi 9, na ruta huenda ikaanza kujizima-zima kabla betri haijaisha. Panga tatu, kisha weka kifaa cha kupandisha na kushusha volti kinachotoa 12 muda wote.

Risasi sikushauri. Joto likizidi linaharibu mpira unaoziba kichwa cha seli na utando wa plastiki wa ndani. Tumia vishikio vyenye springi, ruta haili ampea nyingi. Halafu itazame seli kwa juu: gamba lote ni hasi, mpaka ule ukingo unaoizunguka chanya. Nailoni inayoivika seli ikichanika hapo, kibati kimoja kikigusa hasi na chanya kwa pamoja umekwisha. Vika pete ya karatasi ya kuhami kila kichwa.

Mshumaa
Akitaka ikae muda mrefu, si aunge mbili mbili sambamba?

Fundi Nyaya
Aunge, ila zilingane volti kwanza, la sivyo iliyojaa inaimwagia tupu kwa kasi. Tena asiamini mita peke yake. Azijaze zote hadi 4.2, aziache wiki mbili, apime tena. Inayoporomoka kuliko wenzake haiingii humo, hata kama sura yake ni mpya.

Waya_Mwekundu
Nimekuelewa mkuu. Nina chaja ya betri ya pikipiki, itafaa?

Fundi Nyaya
Haifai, hiyo inafika 14 na ushee. Tafuta ya lithiamu ya 12.6. BMS itakukatia, sawa, lakini kazi yake ni dharura, usiifanyishe kila siku. Na kabla hujachomeka soketi ya nyaya zake nyembamba, weka mita kwenye hasi kuu uguse waya mmoja mmoja: seli zikiwa na 3.7 usome 3.7, 7.4, 11.1. Namba ikiruka mpangilio, usichomeke.