Mafungo ya siku kumi ya kimya Suan Mokkh, Thailand: kuna aliyewahi kwenda?

Neema_Kibosho

Habari zenu wapendwa. Mimi ni muuguzi, nipo Moshi, nina miaka 34. Mwezi wa nane nilimzika baba, na tangu hapo usingizi wangu ni wa kuviziana. Mafungo ya parokia nimefanya mara mbili, lakini siku tatu zinaisha kichwa hata hakijatulia. Mtu wa kazini amenitumia habari za Suan Mokkh, monasteri ya Wabudha iliyo msituni kusini mwa Thailand, wanakopokea wageni siku kumi bila kuzungumza. Likizo ninayo, nauli nimeanza kuweka.

Mimi ni Mkatoliki na sina nia ya kubadili dini. Nitalazimishwa kusujudia sanamu? Mama ananiuliza hilo kila jioni. Halafu siku kumi bila kusema, mtu anaziweza kweli? Na mwanamke akienda peke yake? Naomba anijibu aliyefika, si aliyesikia.

Msafiri_Dar

Sijafika huko, hayo nawaachia wenyewe. Ila Bangkok nimepita. Usisahau cheti cha homa ya manjano, wanakidai kwa sisi tunaotoka Tanzania, na chanjo uipate angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu Mei 2025 pia kuna fomu ya kuingia nchini, inajazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Pole na msiba dada.

Broka_Mererani

Pole sana dada Neema, mzee apumzike kwa amani. Mimi nimefika. Ni broka wa mawe, na Bangkok naenda kikazi tangu 2011. Mwishoni mwa Oktoba 2018, badala ya kurudi nyumbani, nilipanda treni ya usiku kwenda Chaiya, mji wa karibu na Suan Mokkh, kama kilomita 600 kusini. Mwezi wa tano mwaka ule mdogo wangu aliangukiwa na mwamba mgodini, na ile kazi nilimtafutia mimi. Nakwambia hivyo ujue sikwenda kutalii.

Naanza na la mama, maana ndilo zito. Hakuna aliyenisujudisha. Kuna muda wa kuimba sala zao kwa Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, anayetaka anaimba, asiyetaka anakaa. Mimi Mlutheri nilikaa nikasikiliza, na hakuna aliyenitazama vibaya. Mtawa aliyeanzisha Suan Mokkh mwaka 1932, Buddhadasa, aliyefariki 1993, aliweka nia tatu za maisha yake, na ya kwanza ni kumsaidia kila mtu aelewe kiini cha dini yake mwenyewe. Ya pili ni dini zielewane. Msomee mama hapo.

Mafungo ya wageni nilipokwenda yalikuwa kila mwezi, tarehe 1 hadi asubuhi ya tarehe 11. Nilijiandikisha palepale siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia, nikalipa baht 2,000 kwa chakula na malazi yote. Waulize kwanza kama utaratibu ni uleule. Na usishangae, kituo cha wageni kiko ng'ambo ya barabara kuu, si ndani ya monasteri yenyewe. Simu unaiacha kwao.

Chumbani kuna kitanda cha zege, mkeka, chandarua na mto wa mbao. Ni wa mbao kweli, kipande cha mti kilichochongwa kijibonde cha kukaa shingo. Usiku wa kwanza nilikunja sweta juu yake. Usiku wa nne sweta niliitoa mwenyewe, shingo ilikuwa imeshakubali. Kengele inalia saa kumi alfajiri. Mnakula saa mbili asubuhi na saa sita na nusu mchana, hakuna nyama, na jioni ni kinywaji cha moto tu.

Sasa kimya. Dada, mdomo hausumbui. Mimi kazi yangu ni kuongea kutwa, na siku ya pili nilikuwa nimeshasahau kama kuna kuongea. Kinachosumbua ni kile ulichokwenda nacho. Unaambiwa ufuate pumzi: ikiingia ujue imeingia, ikitoka ujue imetoka. Mimi nilikuwa nafuata pumzi tatu, ya nne namwona mdogo wangu na kofia yake ya njano. Siku ya tatu mchana mvua ilikuwa inamwagika, Novemba ni msimu wake kule. Ukumbi hauna kuta, sakafu ni mchanga, na ukingoni mchanga ulikuwa unalowa. Nikaanza kulia. Hakuna aliyenishika bega, hakuna aliyesema "jikaze". Msibani nyumbani kila aliyekuja alikuwa na neno la kunipa, na mimi ndiye kaka mkubwa, nikapokea maneno yote bila kupata nafasi ya kulia. Pale nililia mpaka nikamaliza. Kengele ilipolia tukainuka, tukaenda kutembea polepole kuzunguka bwawa.

Siku ya kuondoka nilivuka barabara kwenda monasteri. Kuna bwawa lenye kisiwa kidogo katikati, na juu yake mnazi mmoja tu. Umetoka kwenye wimbo wa kubembelezea watoto wa kusini kule, na Buddhadasa aliutumia kueleza utulivu ulio katikati ya mahangaiko. Nilikaa hapo saa nzima, nusura nikose treni.

Jambo moja, na wewe ni muuguzi utanielewa: kama hulali kabisa, waambie siku ya kujiandikisha. Pale si hospitali, na siku ya tatu ni ngumu.

Neema_Kibosho

Asante sana kaka, Mungu akubariki. Nimesoma nikalia kidogo. Na kwa wanawake mazingira yakoje?

Broka_Mererani

Bweni la wanawake liko peke yake, na geti linafungwa usiku. Kuoga ni kuchota maji kwa kopo kwenye tangi la saruji lililo wazi, ukiwa umejifunga nguo. Wageni wengine ilibidi watafute saruni, wewe beba kanga zako doti moja na nusu, zinatosha pia kwa kuingilia chemchemi ya maji ya moto iliyo pale. Nguo za mabega wazi ziache Moshi. Tochi chukua. Ukikuta nge chumbani usimuue, ni amri yao, mfunike na kikombe umtoe nje.

Neema_Kibosho

Mama amesoma yote, mara mbili. Anauliza hiyo asubuhi wanakula nini.

Broka_Mererani

Mwambie uji wa mchele na mboga za majani. Hauna sukari, lakini unashiba.