Kesi ya mauaji: jaji ana hiari ya adhabu?

Mdau wa Kihesa: Wakuu, Mahakama Kuu Iringa ikimtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, jaji anaweza kupunguza adhabu akiona mtu anajuta?

Sheria Uyole: Hawezi, mkuu. Kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu ni kunyongwa tu, isipokuwa mjamzito au aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa. Vita yote ni kabla ya hapo, kwenye kusudio. Ugomvi wa kilabuni, pigo moja la mpini wa jembe, uchokozi wa ghafla: wakili apiganie kuua bila kukusudia, ambako adhabu inapimwa, mwisho kifungo cha maisha. Wengi huzama kwenye maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayotoa polisi baada ya kuonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake. Yapingwe kabla mahakama haijayapokea kama ushahidi.

Mwanjelwa: Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, Arusha, ilishasema Novemba 2019 kumnyima jaji hiari kunakiuka haki ya kuishi. Hakuna aliyenyongwa tangu miaka ya 1990, ila watu wanahukumiwa na kusubiri. Haki gani hiyo?

Sheria Uyole: Haswa. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa ni ndani ya siku 30 tangu hukumu, msizembee.